Usimfichie mtoto Daudi: vitabu na muvi za historia ya Marekani kwenye homuskuli zetu

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Asifiwe tena. Namshukuru mchungaji na mama mchungaji kwa nafasi hii, na nawashukuru nyie mliobaki baada ya ibada, maana najua kuna wenye shifti ya usiku na watoto huko nyuma wameshaanza kulia njaa, kwaiyo nitaenda moja kwa moja kwenye lile nililoombwa kuongea, namna ya kuchagua vitabu na muvi za historia ya Marekani kwa sisi ambao tumeamua kuwafundisha watoto wetu nyumbani.

Naanza na kitabu kimoja. Mwaka wetu wa kwanza wa homuskuli kuna familia moja hapa hapa Texas ilitupa boksi zima la vitabu, watu wema sana, watoto wao walishakua wakaondoka nyumbani. Nilishukuru mpaka nikalia, maana bei za kurikula mnazijua. Kulikuwa na kitabu cha historia chenye bendera juu na mstari wa Zaburi chini yake, na mimi nilipoona ule mstari nikasema basi, hiki ni cha kwetu, sina haja ya kukikagua. Tukaanza nacho Septemba. Tulipofika sura ya utumwa ilikuwa ukurasa mmoja na nusu, na pembeni pana mchoro, watu weusi wanavuna pamba, wote wanatabasamu, mmoja ameinua kofia kama anamsalimia mtu barabarani. Kijana wangu alikuwa na miaka 9. Akaweka ncha ya penseli juu ya yule mwenye kofia, akaniuliza, mama, huyu anacheka nini?

Sikuwa na jibu. Nikamwambia tuendelee na hesabu kwanza. Usiku watoto walipolala nikakaa na kile kitabu jikoni nikakisoma chote, mwanzo mpaka mwisho, mpaka saa nane usiku. Na mle ndani nikakuta ile hadithi ya George Washington mtoto na mti wa cheri, kwamba aliukata kwa kishoka chake alafu baba alipouliza akasema siwezi kusema uongo, ni mimi. Imepewa kurasa mbili nzima na picha ya rangi. Wapendwa, hadithi ile haikutokea. Aliyeiandika anaitwa Mason Weems, alikuwa mtumishi wa kanisa na muuza vitabu, aliiweka kwenye kitabu chake toleo la mwaka 1806, Washington mwenyewe ameshakufa tangu 1799. Yani kitabu cha watoto wa Kikristo kinafundisha ukweli kwa kutumia jambo la kutungwa, na kinatoa kurasa mbili kwa mti ambao hakuna aliyeuona, na mamilioni ya watu waliouzwa kama mbuzi wanapata ukurasa mmoja na nusu na tabasamu. Niliumia. Niliumia zaidi kwa sababu ya ule mstari wa Zaburi pale mbele.

Kuanzia usiku ule ndipo nilipopata kile ninachokisimamia mpaka leo. Kitabu cha historia hakiwi cha Kikristo kwa kuwekewa aya. Kinakuwa cha Kikristo kikisema kweli jinsi Biblia inavyosema kweli. Fungua 2 Samweli 11. Daudi, mtu aupendezaye moyo wa Mungu, amechukua mke wa mtu, alafu amemwandikia barua Yoabu, mkuu wa jeshi, ili yule mume, Uria, auawe vitani, na barua yenyewe kambebesha Uria mwenyewe mkononi. Roho Mtakatifu angeweza kuiacha sura ile. Hakuiacha. Na zaburi za Daudi bado tunaziimba kila Jumapili. Mtoto wako anasoma Daudi na dhambi yake na imani yake haivunjiki, sasa kwa nini uogope akisoma kwamba Thomas Jefferson aliandika mwaka 1776 kwenye Azimio la Uhuru wa Marekani kwamba watu wote wameumbwa sawa, na huyo huyo maishani mwake alimiliki watumwa zaidi ya 600? Vyote viwili ni kweli. Lile azimio ni kubwa na maneno yake yamewasaidia watu wengi sana kudai haki zao, na aliyeliandika alikuwa na watu wanaomlimia bila mshahara. Mtoto wa miaka 11, 12 anaweza kubeba hayo mawili kwa pamoja, anachohitaji ni mzazi wa kukaa naye wakati anayabeba.

Na kukata kata ukweli kuna historia yake, naomba mlisikie hili. Mwaka 1807 London kilichapwa kitabu cha Maandiko kwa ajili ya watumwa weusi wa visiwa vya Karibiani vilivyokuwa chini ya Uingereza. Walitoa sehemu kubwa mno ya Agano la Kale na karibu nusu ya Agano Jipya. Habari ya Musa kuwatoa wana wa Israeli Misri haimo. Wagalatia 3 pale Paulo anaposema katika Kristo hakuna mtumwa wala huru, haimo. Waefeso 6, enyi watumwa watiini mabwana zenu, imo. Nakala moja ya kitabu hicho iko Chuo Kikuu cha Fisk pale Nashville, na imewahi kuonyeshwa kwenye makumbusho ya Biblia Washington DC. Mi nikifikiria wale waliokaa chini na wembe wao wakachagua Mungu aseme nini na asiseme nini, nakosa nguvu. Sasa tunapomchagulia mtoto historia iliyokatwa tujiulize sana tumeshika nini mkononi.

Haya, tuje kwenye vitabu vyenyewe. Mimi nikiingia maktaba au kwenye yale mauzo ya kurikula za mkono wa pili nina majina matatu nayatafuta kwenye faharasa kule nyuma kabla sijasoma hata utangulizi. La kwanza Squanto, mwenyeji wa asili wa Marekani, jina lake hasa ni Tisquantum. Vitabu vingi vya Kikristo vinampenda, na ni haki yao, maana wale abiria 102 wa Mayflower, meli ya walowezi Waingereza, walipofika 1620 karibu nusu walikufa majira yale ya kwanza ya baridi, na yeye ndiye aliyewafundisha kupanda mahindi. Lakini kitabu kikuambie pia alijuaje Kiingereza. Alitekwa mwaka 1614 na nahodha Mwingereza akapelekwa Hispania kuuzwa, akafika Uingereza, aliporudi kwao 1619 akakuta kijiji chake chote cha Patuxet kimekufa kwa ugonjwa, hakuna hata mtu mmoja, na pale pale kwenye makaburi ya ndugu zake ndipo Mayflower walipojenga. Binti yangu tulipomaliza kusoma alinyamaza alafu akasema, ni kama Yusufu. Ndiyo, ni kama Yusufu, aliuzwa na bado akalisha watu. Ukitoa kule kuuzwa Yusufu anabaki na nini?

Jina la pili ni Samuel Worcester, na hapa naomba mnivumilie kidogo maana huyu mtu nampenda. Alikuwa mmisionari kwa Wacherokee, taifa la wenyeji wa asili, kule Georgia, akisaidia kutafsiri Maandiko kwa lugha yao, lugha ambayo Sequoyah, Mcherokee mwenyewe, alishaibunia maandishi yake. Serikali ya jimbo la Georgia ikatunga sheria kwamba mzungu asikae nchi ya Wacherokee bila kibali cha jimbo na kula kiapo, maana walijua wamisionari wanawatetea watu wasinyang'anywe ardhi. Worcester akakataa. Mwaka 1831 yeye na mwenzake Elizur Butler wakahukumiwa miaka 4 jela na kazi ngumu. Waliambiwa wakikubali tu masharti watoke, hawakukubali. Kesi ikaenda mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, 1832 wakashinda, na Georgia ikapuuza hukumu. Miaka michache baadaye, 1838 na 1839, Wacherokee wakaondolewa kwa bunduki kupelekwa magharibi, na inakadiriwa watu 4,000 walikufa kwenye makambi na njiani. Sasa kitabu cha Kikristo cha historia ya Marekani ambacho hakina Worcester kimetunyima mmoja wa ndugu zetu wakubwa. Na kikiwa naye Worcester hakiwezi kukwepa kusema aliteswa kwa ajili ya nini. Ndio maana namtafuta yeye kwanza, sa nyingine hata kabla ya Squanto.

La tatu Richard Allen. Alizaliwa mtumwa mwaka 1760, akanunua uhuru wake, akawa mhubiri Philadelphia. Siku moja kanisani, watu wamepiga magoti wanaomba, wazee wa kanisa wakaja kumnyanyua mwenzake Absalom Jones kwa nguvu kwa sababu amepiga magoti mahali pasipo pa weusi. Katikati ya maombi! Wakatoka wote, na hatimaye mwaka 1816 likazaliwa kanisa la AME, yani African Methodist Episcopal. Wengine hapa mnapita mbele ya makanisa hayo kila siku mkienda kazini.

Vitabu vilivyoandikwa na mtu aliyekuwepo ndivyo ninavyovipa kipaumbele, na cha kwanza ni maisha ya Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa, alivyoyaandika mwenyewe 1845. Ni chembamba, hakina haki miliki tena, kwaiyo bure kwenye intaneti na hata cha kusikiliza kwenye gari kipo. Pale Baltimore mama mwenye nyumba alianza kumfundisha herufi, mumewe akamkataza, basi kijana akawa anatoka na mkate mfukoni anawapa watoto wa kizungu maskini wa mtaani nao wanamlipa kwa kumfundisha kusoma. Niliposoma hapo niliweka chini kitabu nikamwangalia kijana wangu anayegomea kusoma mpaka nimpigie kelele, na yeye akaniangalia, hakuna aliyesema kitu. Jioni alikuwa amekimaliza kile kipande peke yake. Lakini sikilizeni, sura ya kwanza kabisa ina shangazi yake anapigwa mjeledi na imeandikwa waziwazi, kwaiyo soma wewe kwanza. Mimi kwa yule wa 9 nilisoma kwa sauti nikaparuka hapo, nikamwambia nimeruka na nitakuambia ukikua, sikumficha kwamba nimeruka. Yule wa 13 alisoma chote. Na mwishoni Douglass ameongeza maelezo, anasema yeye hapingi Ukristo wa Kristo, anaupinga ule wa wanaochapa watu katikati ya wiki na kuhubiri Jumapili, na kwamba umbali kati ya hivyo viwili ni mkubwa kuliko maelezo. Kurasa zile nimezisoma na watoto kama ibada ya nyumbani, na nawashauri mfanye hivyo.

Kuna wanaoniuliza kuhusu vile vitabu vya Laura Ingalls Wilder, maana kila homuskuli ya Kikristo inavyo. Mimi ninavyo na watoto wanavipenda, na mimi pia, ile familia inavyofanya kazi na kuimba na kushukuru kwa kidogo inajenga. Ila ile nyumba ya Kansas, ya kwenye kitabu cha Little House on the Prairie, ilijengwa kwenye ardhi ya Waosage, wenyeji wa asili, na kitabu kilipotoka 1935 kilisema kule hapakuwa na watu, Wahindi tu, ndivyo walivyowaita wenyeji wa asili. Msomaji mmoja alilalamika na mwaka 1953 wakabadilisha wakaandika hapakuwa na walowezi. Nimewaonyesha watoto hayo maneno mawili, watu na walowezi, tukaongea karibu saa nzima. Kitabu kimebaki kabatini.

Sasa muvi. Muvi ni ngumu kuliko kitabu kwa sababu mtoto akishaona haiondoki kichwani, na aliyecheza ndiye anakuwa sura ya yule mtu milele. Kwaiyo kwetu utaratibu ni kusoma kwanza, muvi baadaye, na rimoti anashika mzazi. Ile katuni ya Pocahontas ya 1995 waacheni wadogo waifurahie kama katuni, lakini muwaambie kwamba msichana mwenyewe alikuwa na miaka kama 11 Waingereza walipofika 1607, hakukuwa na mapenzi na John Smith, baadaye alibatizwa akaitwa Rebecca, akaolewa na John Rolfe na akafia Uingereza 1617 akiwa na miaka kama 21 tu. Kwa wadogo mimi naanza na ile filamu ya televisheni ya Ruby Bridges ya 1998. Mtoto wa miaka 6, New Orleans 1960, anasindikizwa na maafisa wa serikali kuu kuingia shule ya wazungu, watu wazima wanamzomea, wazazi wamewatoa watoto wao, mwaka mzima anasoma peke yake na mwalimu mmoja, na yule mtoto anawaombea wanaomzomea. Hakuna mzazi humu atakayeimaliza ile na macho makavu.

Kwa wakubwa, Glory ya mwaka 1989. Imepewa R, yani mtoto asiangalie bila mtu mzima, na ni haki, kuna damu na matusi, kwaiyo mimi niliiangalia peke yangu mara mbili nikaandika dakika za kuruka kwenye karatasi. Ni habari ya kikosi cha 54 cha Massachusetts, askari weusi waliopigana kufuta utumwa kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, mpaka usiku wa Julai 18, 1863 wanapoishambulia ngome ya Wagner. Kuna mahali askari anachapwa mjeledi mbele ya kikosi na chozi moja linamshuka. Nilisimamisha hapo. Binti yangu alikuwa amekunja magoti kwenye kochi, ameuma kola ya sweta. Nikamwambia, hii wameitunga, jeshi lilishaacha kuchapa askari viboko tangu 1861. Akanuna, akasema kwa nini sasa waweke? Tukaongea, kwamba mtengeneza filamu alitaka tuone makovu ya zamani mgongoni mwa yule mtu, na kwamba muvi inawaonyesha wengi kama waliotoroka utumwani wakati wengi wa kikosi kile walikuwa watu huru wa kaskazini. Alafu nikamwambia ambacho muvi haikuonyesha, watoto wawili wa Frederick Douglass, Lewis na Charles, walikuwa ndani ya kikosi hicho hicho, na Lewis alikuwepo pale Wagner. Akasimama akaenda kuleta kile kitabu cha Douglass. Muvi ilikaa imesimama dakika ishirini.

Kuhusu ile filamu ya 1915, The Birth of a Nation, inayowasifu Ku Klux Klan, kundi la wazungu lililowatesa na kuwaua weusi, iliyoonyeshwa mpaka Ikulu ya Marekani na mwaka ule ule Klan ikafufuka, mimi siweki nyumbani kwangu. Lakini mtoto wa miaka 15, 16 ajue kwamba muvi iliwahi kufanya hivyo.

Kuna mama aliniuliza kwenye simu wiki iliyopita, sasa dada, si tutawafanya watoto waichukie nchi inayowalea? Swali la mzazi mwenye upendo hilo. Nilimjibu hivi, wale tuliofanya ule mtihani wa uraia wa maswali 100 tunakumbuka, kuna swali linauliza ni watu gani waliletwa Marekani wakauzwa kama watumwa. Serikali yenyewe inakuuliza kabla haijakupa cheti. Na hapa Texas sheria ya homuskuli inataka tufundishe kusoma, tahajia, sarufi, hesabu na uraia mwema. Uraia mwema ni pamoja na kuijua nchi ilivyo, na ukweli ni kwamba mtoto wangu anaipenda hii nchi zaidi tangu amjue Worcester, maana amepata mtu wa kumfuata. Na hawa watoto ni weusi, wapendwa. Wataulizwa, wataambiwa, wataona. Wasikie kwetu kwanza, mezani, Biblia ikiwa wazi.

Na msifikiri historia hii sisi hatumo. Bibi zetu kule pwani na bara, shuka la pamba jeupe waliliita merikani. Mnajua kwa nini? Mwaka 1833 Marekani ilitia mkataba wa biashara na Seyyid Said, na meli za Salem, Massachusetts zikawa zinakuja Unguja na majora ya kitambaa, zinarudi na pembe za ndovu, karafuu na sandarusi. Kitambaa kilifumwa kwenye viwanda vya kaskazini kwa pamba iliyochumwa na watumwa wa kusini. Pembe zilibebwa mabegani na watu wetu, wengine wakiwa watumwa, zikaishia Connecticut kuwa vibonye vya piano, kuna mji kule mpaka leo unaitwa Ivoryton. Vile vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza 1861 pamba ikakatika na merikani ikaadimika Unguja. Nilipowaeleza watoto nikampigia mama yangu Tanga kwa video, nikamwuliza mbele yao, mama, merikani ni nini? Akasema ndilo walilomvika bibi yako siku ya kumzika. Watoto wakanyamaza kabisa. Yule mdogo akarudi kwenye ramani ukutani akaweka kidole Salem na kingine Unguja, akataka kujua ni siku ngapi kwa meli.

Nimeleta maboksi matatu, yako pale kwenye meza ya chai. Familia za Kongo nimewawekea vichache vya Kifaransa upande wa kulia. Kuna daftari, andika jina na tarehe, mwezi mmoja urudishe mwenzio asome. Cha Douglass kimechanika jalada kwa kusomwa, msikiache kwa sababu hiyo, na ile karatasi ya dakika za kuruka kwenye Glory nimeitoa kopi ishirini, iko chini ya sahani ya mandazi.